Aliyeshika Usukani

"Gari la pili lilikanyaga bomu la ardhini," alisema Koplo, macho ameyafumba, mikono imetulia juu ya magoti. "Moshi ulitanda barabarani. Agizo lilikuwa la kutosimama. Gari la tatu lilipita upande wa kushoto na kuondoka eneo la hatari bila hasara zaidi."

Akafumbua macho. Hakuwa ametokwa hata na tone la jasho.

Daktari alinyoosha mkono akazima kinasa sauti kilichokuwa mezani. Alikuwa mtu mwembamba, shati lake limepigwa pasi kifuani tu, na alikuwa na tabia ya kusubiri kidogo kabla ya kusema, kama mtu anayepima kama neno lina kazi au halina.

"Ripoti safi," alisema. "Mara ya kwanza uliitoa kwa nani?"

"Kwa wakubwa wa kikosi, walipochunguza."

"Wakasemaje?"

"Walinipongeza."

"Mimi sikupongezi. Gari la tatu lilipita, sawa. Hilo gari lilikuwa linajiendesha? Jeshi limefika mbali kiasi hicho na sisi raia hatuna habari?"

Siku nyingine Koplo angecheka. Alikuwa mwanamke wa kupenda mzaha, na mtaa mzima ulimwita kwa cheo chake tangu aliporudi, wengine kwa heshima, wengine kwa utani. Siku hiyo alimkazia macho tu.

"Nilikuwa naendesha mimi."

"Basi wiki ijayo tumsikie aliyekuwa anaendesha."

Kazi yenyewe daktari alikuwa amemweleza tangu siku ya kwanza, bila kuipaka sukari. Ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, mgonjwa hufumba macho na kuisimulia siku ile kana kwamba inatokea sasa hivi, kwa harufu yake na joto lake, tena na tena, huku sauti ikinaswa. Kisha huenda nayo nyumbani akaisikilize kila siku. Ya pili, huenda mwenyewe kwenye vitu anavyovikwepa, akianza na vidogo, na hukaa hapo mpaka hofu ishuke yenyewe. Hofu ilikuwa na kipimo. Sifuri ni mtu aliyeshiba na kujilaza kivulini. Mia ni siku ile.

"Kwa nini nisiondoke hofu ikinizidi?" Koplo aliuliza siku hiyo ya kwanza.

"Kwa sababu ukikimbia, hofu inashuka papo hapo, na akili inaweka kumbukumbu kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kesho itakuamuru ukimbie mapema zaidi. Ukikaa, inapanda, inafika juu, halafu inachoka. Mwili hauwezi kuogopa kwa nguvu zote siku nzima. Hauna uwezo huo."

Maelezo hayo Koplo aliyapenda. Hayakuwa na huruma ndani yake.

Huruma alikuwa nayo ya kutosha nyumbani. Miezi kadhaa kabla ya hapo, jioni moja, tairi la lori lilipasuka barabarani mbele ya dirisha la sebule yake. Kufumba na kufumbua Koplo alikuwa amemkamata binti yake, Kidoti, akamtupa sakafuni na kumlalia juu, kiganja kimeziba kinywa cha mtoto. Alipozinduka, mtoto alikuwa amevunjika mfupa wa mtulinga. Baba wa Kidoti alikuwa na familia nyingine mji mwingine, kwa hiyo aliyekuja mbio akampeleka mtoto hospitali alikuwa dada yake Koplo, mshonaji, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Kutoka hospitali, dada hakumrudisha mtoto. Alimchukua kwake, kwa muda.

Huo muda ndio uliokuwa ukinenepa. Dada hakuwa mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Yeye ndiye aliyepigilia vipande vya sponji kwenye miimo ya milango ya Koplo ili isigonge, akang'oa kengele ya mlangoni, akapita kwa majirani kuwaomba watoto wao wasichezee maputo karibu na nyumba ile. Alipopata habari za daktari na kinasa sauti chake, alikunja uso.

"Wanakuchokonoa kidonda, mdogo wangu. Kitu kimekaa kimya, wao wanakifukua. Kwa faida ya nani?"

"Hakijakaa kimya, dada. Ni nyie mnaonyamaza."

"Sawa. Nyumba ni yako na kichwa ni chako. Ila mtoto hawezi kungojea kichwa chako. Shule zikifunguliwa ukiwa bado hivi, namwandikisha shule ya kwangu, na atakuwa wa kwangu mpaka amalize. Nimesema."

Dada akisema amesema, huwa amesema. Koplo aliondoka kwa dada na jambo moja tu la kuliwazia: kabla shule hazijafunguliwa, mtoto awe amerudi. Alipofika nyumbani alichukua bisibisi akaing'oa sponji yote, mlango kwa mlango.

Kwa ile sehemu ya pili ya kazi, waliichagua karakana ya matairi. Mwenye karakana aliitwa Upepo, kwa kuwa ndicho alichouza. Kila tairi jipya linapojazwa, kingo zake huruka na kukaa kwenye rimu kwa kishindo kikavu, na cha tairi la lori husikika mpaka mtaa wa pili. Upepo hakuhitaji kuombwa mara mbili.

"Karibu, Koplo. Mimi natoa mshindo bure, wateja wengine wanaulipia. Ukiniona nimelala chini, usiogope, si bomu, ni uvivu."

Koplo alikwenda kila asubuhi. Hakukosa, hakuchelewa, hakuondoka kabla ya wakati. Na hofu haikushuka. Kila asubuhi ilianza themanini, na alipoondoka ilikuwa themanini. Alimwambia daktari hivyo kwa sauti ya mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

"Dawa yako haifanyi kazi. Nimekaa kama ulivyosema. Nimekaa kuliko ulivyosema."

Daktari hakubishana. Kesho yake alifika karakana bila taarifa, akasimama ng'ambo ya barabara, akaangalia. Koplo alikuwa amesimama kando ya nguzo, mgongo umeegemea ukuta, mahali alipoweza kuona lango, mashine ya upepo na kila tairi lililosubiri zamu. Kila mara kabla ya kufungua upepo, Upepo aliinua kidole, naye Koplo alikaza taya, akaitikia kwa kichwa: endelea. Mshindo ukalia. Macho ya Koplo yakazunguka, lango, paa, barabara, yakarudi.

Daktari alivuka.

"Unafanya nini hapa?"

"Nakaa."

"Hukai. Uko zamu."

Macho ya Koplo yalirudi langoni.

"Umechagua mahali pa mlinzi," daktari aliendelea. "Una ukuta nyuma, lango mbele, na mtu wa kukupa ishara. Mishindo yote hii imepita na hakuna baya lililotokea. Akili yako unadhani inampa nani sifa? Haisemi karakana ni salama. Inasema tumepona kwa kuwa Koplo alikuwa macho. Ukija mwaka mzima namna hii, utakuwa mlinzi bora wa matairi nchini, na mtoto atakuwa bado yuko kwa dada yako."

"Kwa hiyo unataka nikae kama gunia?"

"Kama gunia. Ndilo neno nililokuwa nalitafuta."

Alivuta kigoda akakiweka katikati ya uwanja, mahali ambapo anayekikalia angeipa mgongo mashine, na lango pia. Akamgeukia Upepo. "Na wewe, kidole chako kibaki mfukoni."

"Mimi nilikuwa namsaidia, mzee," Upepo alijitetea.

"Najua. Wote wanamsaidia. Hiyo ndiyo shida yake."

Koplo alikiangalia kigoda kile kwa muda mrefu. Alikuwa ameendesha lori la tangi la maji kwenye barabara ambazo ramani yenyewe ilizikana, na sasa kigoda cha mbao kilichomwagikiwa oili kilimtoa jasho viganjani. Alikaa. Nyuma yake mashine iliunguruma. Hakuona kitu ila ukuta wenye tangazo la betri. Alisikia tairi likiburutwa, mpira ukisuguana na chuma, upepo ukiingia kwa mluzi mrefu, mrefu zaidi, na ukimya mdogo ambao haukuwa wa kawaida.

Kingo ziliruka.

Alipojitambua alikuwa kifudifudi kwenye vumbi, mikono juu ya kichwa. Kigoda kilikuwa kimepinduka. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walitazama pembeni kwa adabu, jambo lililouma kuliko kama wangecheka. Upepo alizima mashine akaanza kuja, uso umejaa samahani.

"Baki hapohapo," daktari alimwambia. "Koplo, ngapi?"

"Mia."

"Unataka kwenda nyumbani?"

Koplo alijiinua kwa magoti. Mdomo ulikuwa na vumbi, alilitema. Alikisimamisha kigoda, akakikalia, mgongo kwa mashine, akaipangusa sketi yake taratibu kama mtu aliyefika kwenye hafla.

"Upepo," aliita bila kugeuka. "Jaza lingine."

"Koplo, pumzika kwanza."

"Nimekuja kununua upepo, nauziwa maneno. Jaza."

Akajaza. Koplo aliruka tena, safari hii matako yakarudi juu ya kigoda. Akajaza lingine. Mabega yalipanda mpaka masikioni, yakashuka nusu. Kulikuwa na wakati, katikati ya asubuhi ile, alipojikuta anasoma tangazo la betri neno kwa neno na kugundua kwamba namba ya simu iliyoandikwa ilipungukiwa tarakimu moja. Aliposhtuka ni kwa sababu alikuwa amesahau kuogopa kwa muda. Daktari alipouliza tena, ilikuwa hamsini na kitu, na ilishuka bila mtu yeyote kuilinda.

Baada ya hapo ripoti ilikufa. Aliporudi kwenye kile chumba chenye kinasa sauti alifumba macho, na alichosema hakikuwa na mpangilio wa kumpendeza mkubwa yeyote wa kikosi.

"Nashika usukani. Una joto. Mrefu yuko mbele yangu, kwenye gari la pili, ametoa kiwiko dirishani kama kawaida yake. Tangu asubuhi ananitania kwenye redio, anasema tangi langu linakwenda kama bibi harusi. Halafu gari lake linanyanyuka. Sauti siisikii, naiona tu. Vumbi. Harufu ya mpira unaoungua. Naye yuko barabarani, amepiga magoti, ameinua mkono. Si mkono wa kuomba. Ananisimamisha, kama anavyosimamisha trafiki. Ananiona. Ananiona mimi, si gari. Nami najua agizo, nakata kushoto, nakanyaga mafuta, nampita. Kioo changu kinampita karibu hivi."

Sasa jasho lilikuwepo.

"Ngapi?" daktari aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tisini na tano."

"Rudia kuanzia kwenye mkono."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Rudia."

"Huna utu, daktari."

"Inawezekana. Rudia kuanzia kwenye mkono."

Alirudia. Alirudia mpaka mkono ule, ambao kila siku ulikuwa ukimjia bila hodi akiwa jikoni au bafuni, ukawa kitu alichokifuata mwenyewe, akakisogelea, akakitazama vidole. Mrefu alikufa njiani kuelekea hospitali. Kama angesimama, Mrefu angeweza kufa vilevile, na wale waliokuwa nyuma ya tangi pamoja naye. Au pengine asingekufa. Daktari hakumwambia hakuwa na kosa. Koplo alimshukuru kwa hilo, kimoyomoyo, maana wote waliomwambia hivyo hawakuwa wameuona mkono.

Dada aliisikia sauti ile kwa bahati. Aliingia siku moja mchana bila kubisha, akamkuta Koplo ameketi sebuleni, simu mezani, sauti yake mwenyewe ikisema: ananiona mimi, si gari. Dada alinyoosha mkono haraka kuizima.

"Usiguse."

"Mdogo wangu, unajiua."

"Usiguse, dada. Ama kaa usikilize, ama toka nje. Hii haizimwi na mtu mwingine."

Dada alikaa. Mikono yake isiyotulia ilitulia. Simulizi lilipofika mwisho dada alikuwa analia; Koplo hakulia. Koplo alikuwa anakata kucha.

"Unawezaje kukata kucha?" dada aliuliza.

"Leo ni arobaini. Mwanzoni nilikuwa natapika."

Dada alijifuta uso kwa ncha ya khanga, na aliposema, ilikuwa kama mtu anayetoa msumari. "Mimi nimekuelewa. Ila mtoto mwenyewe hataki. Unajua hataki. Kila Jumamosi namleta mpaka getini, analia, namrudisha. Nifanyeje, nimburute?"

Ilikuwa kweli. Kila Jumamosi Kidoti alifika getini, akang'ang'ania sketi ya mama mkubwa wake, akalia. Na Koplo mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni, alikuwa akisema mpeleke dada, mpeleke, tusimtese. Walipofika kona ya mtaa mtoto alikuwa ametulia. Wote watatu walikuwa wakiiona kona ile kama rehema.

Koplo aliweka kikatio cha kucha chini.

"Akiondoka anatulia," alisema polepole. "Papo hapo."

"Ndiyo. Ndiyo maana namwondoa."

"Ndiyo maana Jumamosi inayofuata analia zaidi. Dada, mimi na wewe tumemfundisha kwamba geti hili ni bomu."

Jumamosi iliyofuata Koplo hakusimama mlangoni. Alitoka akaketi chini, kwenye njia ya kuingilia, mbali kidogo na geti, miguu ameinyoosha. Kidoti alianza kulia. Dada akageuka.

"Hamwondoki," alisema Koplo.

"Humsikii?"

"Namsikia. Haingii ndani, simshiki, simsogelei. Lakini haondoki akiwa analia. Akinyamaza, mwende."

"Huyu ni mtoto, si askari."

"Kama angekuwa askari ningempigia kelele. Simama, dada. Kama ni kunichukia, nichukie umesimama."

Dada alisimama, shingo upande, midomo ameibana. Majirani walipita, wakaangalia. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke huyu moyo wake ni jiwe. Koplo alimsalimia kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akamuuliza habari za nyumbani, akaendelea kukaa. Kilio cha Kidoti kilipanda, kikafika juu, kikaanza kukatikakatika. Baadaye kikawa kwikwi. Baadaye zaidi mtoto alikuwa akibandua rangi ya geti kwa ukucha, akaomba maji, akauliza kwa nini mama amekaa kwenye mchanga.

"Nakungoja uchoke kuogopa," alisema Koplo.

"Nimechoka kusimama."

"Hiyo inatosha kwa leo. Nendeni."

Jumamosi nyingine walifika barazani. Nyingine, Kidoti aliingia sebuleni akiwa ameshika mkono wa mama mkubwa. Nyingine, bila mkono. Hakuna siku iliyokwenda vizuri mwanzo hadi mwisho. Moja mtoto alijikojolea, na dada aliapa kwamba ndiyo mwisho, kisha akarudi wiki iliyofuata bila kueleza.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule, dada alikuja na mfuko mkubwa begani. Aliuweka mezani bila kusema una nini. Kidoti alivuka sebule, akaenda mpaka chini ya dirisha, pale sakafuni ambapo mtulinga wake ulivunjika, akaketi, mgongo kwa barabara. Rangi ilimtoka midomoni. Koplo alikwenda akaketi mbele yake, si karibu sana.

"Mama."

"Naam."

"Tairi likipasuka tena, utanilalia?"

"Mwambie hapana," dada alinong'ona.

"Nitashtuka," alisema Koplo. "Pengine nitaruka, pengine nitaanguka chini. Nafanya mazoezi ili nisikushike."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Najua jana kwa Upepo yalilia matairi ya lori na nilikuwa nakunywa chai. Nilimwaga kidogo."

"Mtoto anakuuliza jambo moja tu," dada alisema, sauti imeanza kupanda. "Neno moja la kumtuliza, linakushinda?"

"Halinishindi. Nimelikataa. Siku nikiruka, atajua mama yake alimdanganya, na hapo kweli hatarudi."

Kidoti aliwatazama wote wawili. Nje lori lilipita, vyombo vya kabatini vikatikisika. Mtoto aliinama, akasubiri, akainuka tena. Hakuna aliyemshika.

"Ulimwaga kwenye nguo?" aliuliza.

"Kwenye nguo ya Upepo."

Kidoti alicheka, kicheko kifupi cha puani, akanyoosha miguu. "Mama mkubwa, wewe nenda. Mimi nakaa."

"Nitakungoja barazani, mwanangu."

"Hapana, dada," alisema Koplo. "Usimngoje barazani. Nenda nyumbani kabisa."

Dada alisimama katikati ya sebule, hana cha kushika. Kisha aliufungua ule mfuko, akatoa sketi na blauzi mbili, zimekunjwa vizuri, mishono imelala kama iliyochorwa. Zilikuwa sare za shule ya kwake.

"Nilishona usiku na mchana," alisema. "Shule inafunguliwa keshokutwa."

Koplo alizichukua, akaitazama mishono kwa haki, maana kazi nzuri ni kazi nzuri. Akazikunja tena kama zilivyokuwa, akazirudisha mfukoni, akamkabidhi.

"Umeshona vizuri sana, dada. Zitafutie mtoto mwingine wa kuzivaa."